Ugomvi wa Lebo

Spring, kiunzi cha kuundia programu kwa lugha ya Java, hubeba mzigo ambao bila yake ungemwelemea mwanaprogramu: huunda vijenzi, yaani vipande vya programu vyenye kazi maalumu, kisha hukipa kila kijenzi vingine kinavyovitegemea. Ili kijenzi kitambuliwe, klasi yake, yaani msimbo unaokieleza, hubandikwa anotesheni, ambayo ni lebo fupi inayoanza kwa alama ya @, na hapo ndipo masaibu huanzia, kwa kuwa toleo la 2.5 la mwaka 2007 lilileta @Component, @Service na @Controller, ilhali @Repository ilikwisha kutangulia, na zote nne hukitambulisha kijenzi.

@Repository huwezesha makosa ya hifadhidata kugeuzwa kuwa makosa ya Spring yenyewe, na @Controller huitambulisha klasi inayopokea maombi ya wavuti. Lakini @Service, inayogombewa kuliko zote, haifanyi lolote ambalo @Component haifanyi, na kwa hakika ni cheo kisicho na mshahara. Hata hivyo, watu wazima wenye shahada zao hubishana hadi chai ikapoa iwapo klasi ya kutuma barua pepe inastahili cheo hicho, na mshindi hutoka kikaoni kifua mbele, ingawa programu yenyewe haina habari kwamba kulikuwa na shindano.

Wakati huohuo, klasi iliyobishaniwa huwa imewekwa katika kifurushi, yaani kundi la klasi, kisichokaguliwa, kwani Spring Boot, nyenzo ya kuanzishia programu za Spring, kwa kawaida hukagua kifurushi cha klasi kuu na vilivyo chini yake tu. Programu ikiwashwa, hufa papo hapo na kuacha ujumbe wa NoSuchBeanDefinitionException, yaani kijenzi kinachotakiwa hakionekani. Mhusika, badala ya kuihamisha klasi, huondoa @Service na kuweka @Component, akawasha tena, akapata kosa lilelile neno kwa neno. Ndipo anapozibandika zote mbili, moja juu ya nyingine, na kumlaumu aliyeshinda mjadala.

Busara ni kuipa @Repository kazi ya hifadhidata, @Controller maombi ya wavuti, @Service kanuni za shughuli yenyewe, na @Component yote yaliyobaki. Na klasi iliyoandikwa na wengine, isiyoweza kubandikwa kitu, itangazwe kwa @Bean juu ya mbinu inayoiunda. Lakini kabla ya kuitisha kikao cha lebo, kifurushi kikaguliwe kwanza.