Nani Bingwa wa Nyumba Mbili?

Ijumaa saa kumi jioni, tazama mageti ya fleti za Kileleshwa. Mtoto anashuka na begi la shule mgongoni na la nguo mkononi: wikendi hii ni zamu ya baba. Huyo anastahili shujaa anayemwelewa. Nimewapanga wa filamu na katuni kuanzia mkia hadi bingwa, kwa kipimo kimoja: mtoto anabebeshwa mzigo wa nani? Kubisha ruksa.

5. Mark Grayson, Invincible
Baba yake, Omni-Man, anamtwanga nusura amuue, kisha anaruka na kuihama dunia. Mama Debbie anabaki na nyumba. Mahakama ya Watoto pale Milimani ina meno, ila hati zake hazivuki anga. Alama 2, zote za mama.

4. Violet Parr, The Incredibles (2004)
Najua, wazazi wake hawajaachana. Lakini ugomvi wao wa usiku watoto wanausikia, na kipaji cha Violet ni kutoweka asionekane. Nani aliyekulia fleti yenye kuta nyembamba hajawahi kukitamani? Alama 5.

3. Jo, Supa Modo (2018)
Wetu huyu, wa Likarion Wainaina! Talaka hamna. Kuna mama anayelea mabinti wawili, mdogo ana ugonjwa usio na tiba na anataka kuwa shujaa, basi kijiji kizima kinamtengenezea filamu. Nimemweka kwa sababu ya hicho kijiji. Ghorofa ya nane nayo ina chake: shangazi, mama jirani, mlinzi wa geti. Waitwe kazini! Alama 7.

2. Anissa na Jennifer Pierce, Black Lightning (2018)
Baba ni mwalimu mkuu mchana, radi usiku. Mama alichoshwa na radi. Hata hivyo wanaheshimiana. Mbona si mabingwa? Hadithi inawarudisha wazazi pamoja. Utasema huo ndio mwisho mwema. Nakataa! Mtoto akishaona hivyo, ataanza kupanga njama za kuwapatanisha wazazi wake, na hiyo si kazi ya mtoto. Alama 8.

1. Cassie Lang, Ant-Man (2015)
Baba yake, Scott, katoka jela kwa wizi, ana deni la matunzo, na baba wa kambo, Paxton, ni polisi. Tena zawadi ya bethidei ni mwanasesere wa sungura mwenye sura ya kutisha, na Cassie anampenda papo hapo! Sasa waangalie wakubwa. Mwishoni Paxton anamkingia Scott kifua, kisha wote wanakula meza moja, huku Cassie akimlisha sisimizi mkubwa kama mbwa uvunguni. Hakuna aliyerudiana na mtu. Hakuna anayemuuliza mtoto anampenda nani zaidi. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya 2010 kinataka hayo hayo: wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au la. Kupungua hadi saizi ya sisimizi ni uhodari. Kufika getini Othaya Road saa kumi kamili, na ile foleni ya Ijumaa, ni uhodari zaidi. Alama 10.

Timu Black Lightning, njooni Kasuku Centre tubishane. Atakayeshindwa ananunua soda.