Sabuni Chini ya Karavani

Mkia ulikuwa mweusi, mrefu kupita gari dogo, na ulitoka chini ya karavani yangu ukiburuzika kwenye changarawe mbele ya ofisi ya kambi pale Skegness. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, wikiendi ya sikukuu, na nusu ya wenye karavani wa Lincolnshire walikuwa nyuma yangu wakisubiri kuonyeshwa pa kuegesha. Mke wangu ndiye aliyeuona kwanza, kwenye kioo cha pembeni.

"Baba Salma, tumeburuta nini?"

Nikamwambia ni mfuko wa plastiki, utaanguka wenyewe. Uongo huo ungenifikisha salama kama si mzee mmoja wa Kiingereza aliyeshuka kwenye gari la nyuma akiwa na kandambili na soksi. Alikuja, akainama, akaushika mkia, akavuta. Haukukatika. Akavuta tena, ukaja tu. Akaanza kurudi kinyumenyume akiuzungusha mkononi kama bibi anayekunja ukili, na kila alivyokunja ndivyo chesisi yangu ilivyozidi kubaki uchi, kuanzia kwenye ndoano ya kuvutia hadi karibu na ekseli. Watu wakateremka kwenye magari yao. Mtoto akapiga picha. Binti yangu Salma, ambaye yuko kwenye umri wa kuniona mimi mwenyewe ni aibu ya kutosha, alilala sakafuni mwa gari na kujifunika koti.

Ule mkia ulikuwa rangi. Niliipaka mimi, mara mbili, nimelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, nyingine ikinidondokea kwenye ndevu. Muuzaji wa dukani alikuwa ameniapia kwamba ni rangi ya mafuta ya chuma, inazuia kutu, ukishapaka unasahau. Nilimwambia wazi kwamba chuma chenyewe ni cha gavanaizi, kile cha kuchovywa kwenye zinki. Akanitazama kwa huruma na kuniambia, "Chuma ni chuma." Huyu bwana nitamrudia.

Yule mzee akaubana utepe kati ya vidole, akausugua upande wa ndani, akaunusa.

"Umetengeneza sabuni," akasema.

Nikacheka, maana nilidhani ni ule utani wao mkavu. Hakucheka. Kumbe alikuwa amemaliza maisha yake ya kazi kwenye kiwanda cha kuchovya vyuma karibu na Wolverhampton, akastaafu, akaja baharini kupumzika mbali na habari za zinki. Mapumziko hayo yakaishia pale pale. Tulipofika mahali petu pa kuegesha alikuwa ameshatangulia, na kabla sijateremsha jeki alikuwa ameingia chini ya karavani bila kualikwa, kandambili tu ndizo zilizobaki nje, na mhadhara ukaanza kutokea huko. Mama Salma akampitishia chai huko huko uvunguni.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na si kwa ile aibu peke yake. Nilikuwa naburuta ajabu barabarani bila kujua.

Chesisi ya karavani si kitu cha kutisha ukiitazama. Ni mihimili miwili ya chuma kilichokunjwa, unene wake milimita mbili na nusu au tatu hivi, iliyotobolewa matundu ili iwe nyepesi. Nyingi za Ulaya hutengenezwa na AL-KO, kampuni ambayo fundi Alois Kober aliianzisha huko Bavaria mwaka 1931. Siri iko kwenye uogeshaji. Chuma huoshwa mafuta kwanza, kisha huingizwa kwenye asidi hadi kila chembe ya kutu itoke, kisha hupitishwa kwenye maji yenye chumvi ya zinki na amonia, na hapo ndipo huzamishwa ndani ya birika la zinki iliyoyeyuka. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, na birika lenyewe huwekwa kama 450. Mzee alisema chuma kikiingia huwa birika linanguruma, halafu linatulia ghafla, na ukimya huo ndio unaokuambia kwamba kazi imekubali.

Mimi siku zote nilifikiri zinki inakipaka chuma. Haipaki. Inakiingia. Kwenye mpaka wao chuma na zinki huchanganyika na kufanya matabaka, na mojawapo ya matabaka hayo ni gumu kuliko chuma chenyewe, huku la juu kabisa likiwa zinki tupu, laini, linalopokea mikwaruzo kwa niaba ya wenzake. Ukikwaruza hadi ukafika kwenye chuma, bado hujashinda, kwa sababu zinki iliyo jirani na jeraha hukubali kuliwa yenyewe kwanza kabla chuma hakijaguswa. Mfaransa Malouin aliieleza akademia ya kwao habari ya kuchovya chuma kwenye zinki mwaka 1742. Mwenzake Sorel akaja kuchukua hataza mwaka 1836, alipogundua jinsi ya kukisafisha chuma vizuri kabla ya kukichovya. Karibu karne nzima ilipita hapo katikati kwa sababu ya kuosha tu. Nilimsomea Mama Salma habari hii usiku. Akaniuliza kama na vyombo vya chakula cha jioni vinasubiri Mfaransa.

Sasa njoo kwenye sabuni. Zinki mpya hung'aa. Ikipigwa na mvua na hewa kwa miezi kadhaa hujitengenezea ngozi ya kijivu, kavu, isiyopendeza, na ngozi hiyo ndiyo deraya yake halisi. Mtu asiyejua huiona ni uchafu. Ikilowa na kukosa hewa, chini ya turubai kwa mfano, hutoa unga mweupe, na asiyejua huuona ni ugonjwa, akaja na brashi ya waya na grenda, akaitoa zinki yote aliyoilipia. Mwingine huja na rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta, kama jina lake, ina mafuta ndani. Unyevu ukipenya hadi chini yake, zinki hutoa kitu chenye tabia ya magadi, na magadi hayo yakikutana na asidi za mafuta, basi. Wanaopika sabuni kule Kigoma kwa mawese na kostiki soda hawana haja ya kumalizia kusoma aya hii. Mimi nilikuwa nikipika sabuni ya zinki, kidogo kidogo, msimu mzima wa baridi, kwenye uwanja wa kuhifadhia karavani, na nikilipia kodi ya uwanja.

Sabuni hiyo haishiki. Rangi ya juu yake inabaki nzima, inang'aa, inapendeza, na haijashikamana na kitu chochote. Inachosubiri ni upepo wa barabara kuu na foleni ya watu wa kuitazama.

Jumatatu nilirudi dukani na utepe wangu ndani ya mfuko wa nailoni. Yule bwana wa chuma-ni-chuma aliupokea bila haya yoyote. Akachukua kopo jipya, akabandua lebo ya nyuma, akaikunjua, akaikunjua tena, na huko ndani kabisa kulikuwa na sentensi ambayo yeye mwenyewe ilibidi aikuze kwa kamera ya simu: rangi hii haifai kwa chuma chenye zinki bila kutanguliza praima yake maalumu. "Imeandikwa," akaniambia. Praima ilikuwa rafu ya jirani. Bei yake ilizidi ya rangi. Nilipodai fedha zangu akaniletea meneja, na meneja, kwa tabasamu la mtu aliyefundishwa kutabasamu, akanipa vocha ya punguzo la asilimia kumi kwa rangi nyingine ya duka hilo hilo.

Hapo ndipo mzaha unapoanza kunichachia. Rafu ile ina nta ya kupuliza, lami ya kupaka, mafuta ya manyoya ya kondoo na makopo ya kila rangi, yote kwa ajili ya chesisi ambayo mzee wa kandambili, aliyeishi na kitu hicho maisha yake yote, aliniambia inataka maji baridi. Basi. Uisuuze kwa mpira baada ya barabara za majira ya baridi, maana halmashauri humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi ndiyo adui. Uzibue matundu ya kutolea maji yasijae tope. Palipokwaruzika hadi chuma kikaonekana, upulize rangi yenye unga wa zinki, hapo tu. Usitoboe, usichomelee. Ushauri huo haukunigharimu zaidi ya kikombe cha chai, na sikuuona umeandikwa kwenye kopo lolote, hata ndani ya lebo. Karani aliyeniuzia karavani naye alisema chesisi "haihitaji matunzo", halafu ankara yake ya kila mwaka ina mstari wa kukagua chesisi, na mstari huo una bei.

Kwa ajili ya kumbukumbu, makosa yangu mengine: sabuni ya kung'arishia rimu ina asidi, na rimu ziling'aa kweli, na kilichokuwa nyuma yake kikafifia.

Miguu minne ya pembeni ni ya kutuliza karavani isitikisike na si ya kuinyanyulia. Wa kushoto nyuma unalijua hilo sasa.

Na tope la Lincolnshire likikauka ndani ya mhimili kwa msimu mzima, likizibuliwa kwa msumari linashukia mkono wa shati hadi kwapani.

Lakini ningekuwa nimeshasahau yote haya kama mzee asingetoa mfukoni kile kipimo chake. Ni kidude kidogo, unakiweka juu ya chuma, kinakuambia zinki ina unene gani. Hutembea nacho likizoni, Mungu amhurumie mkewe. Sheria ya wachovyaji, ISO 1461, inataka chuma cha unene kama wa chesisi yangu kibebe wastani wa mikroni 55 za zinki. Yangu, baada ya miaka yote na baada ya mimi, ilisoma juu ya hapo. Na hewa ya Uingereza siku hizi, tangu makaa ya mawe yaachwe, hula kama mikroni moja kwa mwaka, mara nyingi pungufu. Fanya hesabu. Na karavani ni chombo ambacho familia moja huenda nacho kutazama bahari yenye baridi isiyoogeka.

Usiku nikafanya hesabu nyingine, ambayo sikuombwa. Mikroni 55 ni karibu gramu 390 za zinki kwa kila mita ya mraba, upande mmoja. Bati la kuezekea la gramu 100 hugawa gramu hizo kwa pande mbili: hamsini juu, hamsini chini. Ni mikroni saba. Mikroni saba, juu ya nyumba, Tanga, kwenye upepo wa bahari wenye chumvi mwaka mzima, ambako zinki huliwa mara kadhaa zaidi ya huku. Paa la mama yangu huko lilibadilishwa juzijuzi tu, na masika haya ndoo zimerudi sebuleni. Tulimlaumu fundi. Tukasema misumari aliipigilia vibaya. Fundi wa watu alikuwa ameapa kwa Mungu kwamba kosa si lake, na tukamkatia hela ya mwisho.

Juzi shemeji yangu alikuwa dukani kule kununua mabati mengine, nikampigia simu ya video, nikamwomba amuulize mwenye duka bati lake lina gramu ngapi za zinki.

"Shemeji, gramu?"

"Gramu. Kwa mita ya mraba. Muulize na kama ni pande zote mbili."

Akauliza. Nikaona sura ya mwenye duka ikisogea kwenye kioo cha simu, ikanitazama, ikatazama karavani nyuma yangu.

"Mzee," akaniambia, "bati haliuzwi kwa gramu. Hii si dhahabu. Kuna geji ishirini na nane na kuna geji thelathini, na yote ni ya gavanaizi."

Nikamweleza kwamba geji ni unene wa bati zima, mimi nauliza zinki. Nikamweleza habari ya birika. Nilikuwa nimefika kwa Malouin, mwaka 1742, shemeji akanikatiza kuniambia kifurushi chake kinaisha na wingu limekaa vibaya upande wa Pongwe. Akanunua geji thelathini. Mwenye duka akampunguzia bei ya misumari.