Taabu za Santuri kwa Mwenye Kipato cha Kadiri

Mashine ya santuri, hata ile ya bei ya chini kabisa, ina viungo vinne ambavyo havina budi kutajwa kabla ya kueleza namna vinavyomtia mwenyewe hasarani: sahani inayoizungusha santuri, mkono unaopita juu yake, kichwa kilichofungwa kwenye ncha ya mkono huo, na sindano ndogo inayofuata mifereji ya santuri na kutikisika kadiri mifereji hiyo inavyopindapinda. Kichwa huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme hafifu, amplifaya huukuza, na spika huutoa ukiwa sauti. Mnunuzi chipukizi anapotaka kuuboresha mtambo huu kwa fedha kidogo, huanzia mwishoni, yaani kwenye spika, kwa sababu isiyohusiana sana na masikio: spika huonekana na wageni, ilhali sindano haionekani hata na mwenyewe mpaka avae miwani.

Matokeo ya kuanzia mwishoni hujitokeza jioni ileile. Kichwa cha kawaida hutoa umeme wa takribani milivolti 5 tu, hali tundu la amplifaya la kuchomekea redio au simu hutarajia milivolti mia kadhaa. Isitoshe, tangu miaka ya 1950 watengenezaji wa santuri wamefuata kanuni iliyowekwa na chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, ambayo hupunguza besi na kuzidisha sauti nyembamba wakati wa kuchonga mifereji, ili chombo cha msikilizaji kirudishe kila kitu mahali pake. Kazi hiyo ya kukuza na kurudisha hufanywa na kifaa kidogo kiitwacho priampu, ambacho muuzaji wa spika hakukitaja kwa kuwa hakuwa nacho dukani. Bila priampu, spika kubwa hutoa muziki mwembamba, mfano wa harusi inayosikika kutoka mtaa wa pili, na mwenye nyumba, akidhani kwamba amplifaya inafanya uvivu, huzungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho na kukiacha hapo. Baadaye mtu mwingine wa nyumba hiyo, asiye na habari, huhamishia upande wa redio ili asikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Msomaji wa habari huingia sebuleni kwa nguvu zote za amplifaya, vikombe hucheza kabatini, mtoto aliyelala huamka, na jirani hupata habari asizozitafuta.

Priampu ikipatikana, hufuata mvumo. Nyuma ya mashine nyingi hutoka waya mwembamba wa ziada, aghalabu wenye ncha ya umbo la panda, ambao kazi yake ni kuunganisha chuma cha mashine na chuma cha amplifaya; kwa kuwa hauna tundu la wazi la kuchomekwa, mnunuzi huuhesabu kuwa masalio ya kiwandani, akaukunja vizuri na kuufunga kwa mpira. Umeme wa nyumbani, wenye mizunguko 50 kila sekunde, hujipenyeza kwa njia hiyo na kunguruma chini ya kila wimbo. Ikigunduliwa kwamba ngurumo hupungua mtu akigusa chuma cha mashine, shemeji aliyekuja kukaa siku mbili na sasa ana mwezi hupewa kigoda na kazi ya kukishika chuma hicho upande mzima wa santuri, ambao huchukua dakika 20 hivi.

Sindano ndipo mahali ambapo fedha kidogo hufanya kazi kubwa, na ndipo pia ushauri wa bure hufanya madhara makubwa. Sindano nyingi za kisasa hutakiwa kuilemea santuri kwa gramu 2 hivi, na ikiwa inarukaruka, mzee yeyote aliyewahi kumiliki gramafoni ya kuzungusha kwa mkono hushauri kichwa kiwekewe sarafu. Mzee hakosei kwa zama zake: santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, zilipigwa kwa kichwa kizito na sindano ya chuma iliyopaswa kubadilishwa kila mara. Kwa santuri ya plastiki ya mizunguko 33⅓, sarafu hukomesha kuruka kweli, kwa kuwa sindano huacha kufuata mfereji na kuanza kuchimba wa kwake. Dawa yenyewe mara nyingi ni pima maji ya kuazima kwa mwashi, inayoonyesha kwamba meza imeinama, pamoja na kuziondoa spika kwenye meza hiyohiyo, maana besi hupita katika mbao, huitikisa sindano, hukuzwa upya, na kurudi ikiwa mkoromo.

Waliobana matumizi zaidi hununua mashine ya mtumba kutoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120 na mizunguko 60. Transfoma hushusha volti lakini haigusi mizunguko, na mashine za zamani ambazo mota yake huufuata mwendo wa umeme hupungua kasi kutoka mizunguko 33⅓ ya santuri hadi chini ya 28, hivyo bibi aliyerekodi taarabu kwa sauti ya kinanda huimba kwa sauti ya mjomba. Fundi, ambaye hakusoma haya popote, hufungua mfuniko na kuzungushia utepe wa umeme kwenye kapi, yaani gurudumu dogo la mota linalouvuta mkanda wa sahani, mpaka linenepe kwa sehemu moja ya tano. Akizidisha raundi chache, mjomba hurudi kuwa bibi, kisha huwa binti wa shule, na mwenye mashine, kwa kuwa amekwisha kulipa, huwaambia wageni kwamba ndivyo wimbo ulivyo.