Sanduku la Babu wa Ujiji

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, kila ukoo una babu aliyevuka kutoka Ujiji na pembe za ndovu. Wa kwetu, kwa masimulizi ya baba mdogo, aliwapita wote: alikuwa mshirika wa Rumaliza, tajiri aliyeshika biashara ya Ziwa Tanganyika mpaka Wabelgiji walipomshinda miaka ya 1890. Ushahidi ulikuwa sanduku chini ya kitanda cha Bibi, lina kufuli, ufunguo halina.

Masika yakaanza, bati likavuja juu ya kitanda. Baba mdogo akaamuru sanduku litolewe. Shangazi akakubali, ila lisifunguliwe mpaka wanawe wote wawepo, maana mirathi ni mirathi. Vijana wakalinyanyua. Kufika barazani, kumbe mchwa wamekwisha kula kitako chote: yaliyomo yakamwagika chini, mbele ya fundi magari wa jirani na wateja wake.

Hapakuwa na pembe hata moja. Palikuwa na kanzu iliyoliwa na mende, shanga nyekundu, na ngata ya merikani, ngumu kwa mafuta na jasho, imebonyea katikati. Shangazi akamrukia mdogo wake: uliziuza miaka ya 1980! Hakukosa pa kuanzia; wakati huo Burundi ilikuwa karibu haina tembo, lakini Bujumbura ilikuwa njia kuu ya pembe kwenda ng'ambo, mpaka mkataba wa CITES ulipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1989. Baba mdogo akaapa mpaka sauti ikakauka.

"Nyamazeni, majirani wanasikia," Bibi akasema. "Pembe zilikuwa za matajiri. Baba mkwe wangu alikuwa mpagazi. Ngata hiyo ni yake."

Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, na kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000. Juu milimani Burundi watu hao wa misafara ya pwani hawakupata pa kukaa, Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa nchi, aliwazuia, basi wakabaki ufukweni mwa ziwa. Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwaka 1897, Waswahili wakakaa jirani nacho.

Baba mdogo bado anasimulia habari za Rumaliza, ila Bibi asiwepo. Nasi tupige hesabu: msafara ulikuwa na matajiri wachache na wapagazi mamia. Haiwezekani Buyenzi nzima tuwe wajukuu wa matajiri.