Sifa za Bluetooth, Mwenda Pole wa Pwani ya Kusini

Pwani ya kusini imesifu vingi. Imesifu majahazi, pweza wa kuchoma, korosho, maharusi wenye hina hadi viwikoni, na masultani waliojenga kasri la vyumba zaidi ya mia pale Husuni Kubwa wakaliacha halijaisha. Lakini kuanzia Somanga hadi Mchinga humsikii mtu akimsifu Bluetooth. Anachoambulia ni msonyo, na simu kupigwa kofi la mgongoni. Namsifu leo kwa akili timamu, bila kulipwa, na huku faili langu moja likiwa limesimama kwenye asilimia 63 tangu nianze aya hii.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla hajaulizwa ni wa ukoo gani. Bluetooth ni mtoto wa Lund, Sweden. Alizaliwa 1994 katika kampuni ya Ericsson, mikononi mwa wahandisi, akiwemo Mholanzi Jaap Haartsen, waliokuwa wakitafuta namna ya kuondoa nyaya kati ya simu na vifaa vyake. Jina alirithishwa la mfalme Harald wa Denmark, wa karne ya 10, na ile nembo yake yenye ncha ncha ni herufi mbili za kale za mfalme huyo zilizobebana. Damu ya kifalme, basi. Kilwa nasi tuna wa kwetu: Ali bin al-Hasan wa Shiraz, ambaye wapo wanaomweka karne hiyohiyo, na ambaye tarihi inasema alikinunua kisiwa cha Kilwa Kisiwani kwa nguo, nguo ya kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Hebu fikiria siku ya kukabidhiana. Nguo inakunjuliwa, inapita mikokoni, inapita kwenye mawe, watu wamesimama juani, na muuzaji anasema bado. Wazee wale wangekaa na Bluetooth bila neno.

Maana sifa yake ya kwanza ni upole. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, nao hawakuwahi kurusha muvi. Bluetooth huenda pole na bado hujikwaa, tena kwenye asilimia 97, akiwa keshafika mlangoni. Ajabu ni kwamba si mvivu hata kidogo. Hupita kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaliyogawanywa njia 79, naye huruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde ili asigongane na wengine. Mara 1,600! Na baada ya kuhangaika kote huko, anabeba megabiti mbili na ushee kwa sekunde. Watumishi wa aina hiyo wako katika kila ofisi, na hupandishwa vyeo.

Muvi ya megabaiti 700 itamchukua dakika 45 hivi hali ikiwa shwari. Hali haiwi shwari, kwa sababu mawimbi yake humezwa na maji, na mwili wa mtu umejaa maji. Akipita shemeji mnene katikati, ule mstari wa kijani unasita. Tena hafiki mbali. Ukivuka mita 10 hivi, kazi imekatika, kwa hiyo huwezi kuwasha faili ukaondoka kwenda zako. Unakaa. Kahawa inaletwa, na kashata. Habari za shamba la ufuta zinaulizwa, na za mgonjwa, na za yule mtoto aliyekwenda Dar hapigi simu. Madeni mangapi pale Kivinje yamelipwa kwa sababu tu mdai na mdaiwa walikuwa wakingoja nyimbo ziishe kuingia?

Sifa ya pili ni adabu, na hapa nitachukua nafasi yangu.

Nenda steshenari ya Kilwa Masoko asubuhi ya siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi. Kijana ana barua yake kwenye simu. Dada wa steshenari ana kompyuta mpakato iliyong'oka kitufe cha herufi A, na printa inanguruma.

"Simu yako inaitwaje, kaka?"

"Itel."

"Itel ziko nne hapa."

Kwenye kioo majina yanajitokeza moja baada ya jingine: itel, itel, Baba Swaumu, Usinizoee, itel, Mume wa Mtu, itel. Foleni nzima inachungulia. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki anauliza Mume wa Mtu ni nani humu ndani. Hakuna anayejibu, ila baada ya muda mfupi jina moja limetoweka kwenye orodha.

Simu ikishajulikana, namba sita zinatokea kwake na kwenye kompyuta kwa wakati mmoja. Dada anazisoma kwa sauti, kijana anaitikia, wote wawili wanabonyeza kukubali. Hii ni posa kamili: pande mbili zimeulizwa, zimeridhia, na mashahidi wapo na samaki wao. Kompyuta ndiye bibi harusi mwenye haya, kwani hata baada ya kuridhia haipokei kitu mpaka dada aingie kwenye menyu aiambie sasa pokea. Akisahau, simu inaandika kwamba imeshindikana, na posa inaanza upya. Watu hulalamika. Mimi nawauliza: ni lini grupu la WhatsApp la kamati ya harusi lilikuomba ruhusa kabla ya kukumwagia video 14 usiku wa manane?

Sasa matendo yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4, mvua ikashuka Kilwa kama haikuwahi kunyesha, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika Somanga. Mabasi na malori yakalala huku na huku. Watu hawajamaliza kusimulia hilo, tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikapata hitilafu kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima ikapwaya. Siku nane tu, Kilwa imepoteza njia ya lami na njia ya chini ya bahari. Bluetooth hakupoteza kitu, kwa kuwa hakuwa na kitu. Hategemei lami, hategemei mkongo, hali bando. Wimbo uliokuwa kwenye simu ya jirani jana ulikuwa bado kwenye simu ya jirani, umbali wa nusu dakika. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi mkuu, hakuna aliyeona haja ya kumzima yeye. Kudharauliwa nako kuna faida zake.

Ni mwaminifu pia. Picha ya harusi ikipitia WhatsApp hubanwa ili isile data, na bibi harusi aliyekaa saa nne akichorwa hina anafika kwa shangazi yake Lindi mikono ikiwa na ukungu wa kahawia. Bluetooth hapunguzi nukta. Alichopewa ndicho anachokabidhi, ua kwa ua. Mpiga picha anayejua kazi yake humwambia mteja alete simu dukani, wakae.

Kuna watakaosema: mita 10 zitamfikisha wapi, na kutoka Masoko hadi Kisiwani ni mwendo wa mashua? Jibu ni kwamba faili nalo hupanda mashua. Linavuka likiwa mfukoni mwa mtu, ndani ya mfuko wa plastiki ili simu isipate maji ya chumvi, na likifika ng'ambo linarushwa tena, mita 10 nyingine. Biashara ya Kilwa ilikwenda hivyohivyo, mkono kwa mkono. Mwaka 1944 sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Nina mawaidha kwenye kompyuta yangu ambayo safari yake ni ngumu kuifuata vilevile. Jina la faili ni mawaidha, kisha mabano yenye moja, kisha mabano mengine yenye moja, kisha mabano yenye mbili. Kila mabano ni mtu aliyelipokea mara ya pili kwa kutoamini kwamba la kwanza limefika.

Nimesikia pia shutuma ya magonjwa. Ni kweli, mwaka 2004 kirusi kiitwacho Cabir kilisambaa kwa Bluetooth kwenye simu za Symbian, na kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake kwenye simu za mkononi. Lakini someni kesi yote. Cabir hakikuweza kuingia mpaka mwenye simu akubali kukipokea, kisha akubali tena kukisakinisha. Katika nyumba ya Bluetooth hata mwizi hubisha hodi.

Na sasa vijana wananiambia zama zake zimekwisha. Wenye simu za Apple wana AirDrop tangu 2013. Google walileta Nearby Share mwaka 2020, na Januari 2024 wakatangaza kuiunganisha na Quick Share ya Samsung, ambayo hutuma hadi kwenye kompyuta ya Windows. Muvi ileile ya dakika 45 inapita kabla kahawa haijapoa. Sibishi, nimeona. Ila hawasemi ni nani anayezunguka kwanza kutafuta simu nyingine iko wapi, kuuliza hali, kujitambulisha na kuleta jibu. Ni Bluetooth. Yeye ndiye mshenga. Akishamaliza maneno anaambiwa akae pembeni, Wi-Fi anaingia kwa kishindo, anabeba mzigo na kula pilau. Wanaoishangilia kasi hiyo wazime Bluetooth kwenye simu zao sasa hivi, kisha watume tena.