Tonton na Magofu ya Kilwa

Ukitaka kustarehe mbele ya magofu, usifuatane na mtu wa Goma. Kwetu gofu si kitu cha kulipia kiingilio. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilimeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na mawe hayajapoa vizuri, watu walishaanza kuyavunjavunja wajengee. Mtu aliyezoea hayo, mpeleke Kilwa Kisiwani umwambie ashangae ukuta wa miaka mia tisa!

Nilifuatana na Tonton, mdogo wake baba, fundi mstaafu wa chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Tukapita Gisenyi, Kigali, Dar es Salaam, basi baada ya basi, mpaka kiuno kikasahau kazi yake. Pale Kilwa Masoko tulichukua kibali, tukapanda mashua, Tonton akiwa na viatu vyake vya misa, vyeusi, vimepigwa rangi. Nahodha alimshauri avue. Alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

Kijana aliyetutembeza alikuwa na adabu na subira, na alivihitaji vyote viwili. Ndani ya Msikiti Mkuu alituonyesha kuba na nguzo, akaeleza jinsi matumbawe yalivyochongwa na chokaa ilivyochomwa. Tonton aligonga ukuta kwa vidole.

"Volkano ilipita hapa mwaka gani?"

"Hapa hatuna volkano, Babu."

"Nani basi aliharibu?"

"Wareno walikuja 1505, wakapora mji."

"Aaa," Tonton akashusha pumzi. "Kumbe ni watu tu."

Kijana akaendelea na Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 akausifu mji, kisha akaingia kwenye dhahabu ya Sofala: ilichimbwa bara, ikapitia mikononi mwa masultani wa Kilwa, ikavuka bahari. Hapo Tonton aliamka kabisa. "Anayechimba analala kwenye nyasi, anayepitisha anajenga ghorofa. Endelea, mwanangu, hiyo habari naijua." Sijasikia muhtasari bora wa historia ya biashara, na nimesoma vitabu kadhaa.

Husuni Kubwa ndiko tulikopotezea muda. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya mia, na ndani yake bwawa la kuogea lenye pembe nane. Kijana akateremka, akatuita. Tonton akanishika shati. Watu wa Goma hawaingii shimoni ovyo; mashimo yetu yana mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi inayoua mbuzi na mtoto bila kelele. Akanipa kiberiti nipime kwanza hewa ya chini. Nikapiga magoti mbele ya watalii Wazungu, nikawasha njiti kwenye bwawa la sultani. Ikawaka vizuri. Mzungu mmoja akapiga picha. Nadhani aliamini ni ibada. Tonton akasema upepo wa bahari unadanganya, akabaki juu.

Tuliporudi ufukweni, karibu na ngome ya Gereza, bahari haikuwepo. Mashua ililala ubavu kwenye tope, na maji yalikuwa mstari mwembamba kule mbali. Mimi nilikuwa nimesoma habari za kupwa na kujaa. Tonton amezaliwa kando ya Kivu, ziwa ambalo ulipoliacha jioni ndipo utakapolikuta asubuhi, na chini yake limeficha gesi ambayo kila mtoto wa Goma anaiogopa. Kwake maji hayaondoki bila sababu.

"Tukimbilie Sake!" alipiga kelele, kama alivyopiga ile Mei 2021 tulipoamriwa kuuhama mji kwa sababu ya volkano.

"Sake ni wapi?" nahodha akaniuliza.

Sikuwahi kujibu. Tonton alishavua viatu vya misa, kavishika mkononi, anapanda Gereza mbio, na watoto wa kisiwani nyuma yake wakishangilia. Akakaa juu ya ukuta saa nyingi, akililinda tope. Maji yalipojaa na mashua ikaelea, nahodha alimwita kwa upole kabisa.

"Siteremki," Tonton akajibu. "Kwanza yaseme yalikwenda kufanya nini."