Njegere za Mwingereza

Mama wa Katanika, hapa Kalemie, akichemsha maharagi mpaka yawe uji, mawifi watamhurumia kaka yao hadharani. Uingereza hufanya hivyo makusudi na kuiita mila. Wanachukua njegere kubwa zilizokaukia shambani, wanaziloweka usiku kucha kwa magadi, wanazisuuza, halafu wanazichemsha mpaka zisahau kama ziliwahi kuwa mbegu. Chumvi, siagi kidogo, kando ya samaki wa kukaanga na chipsi. Ukiona kijani cha kung'aa, hicho ni cha mkebe, kimetiwa rangi. Za nyumbani hutoka zimefifia.

Nafasi ya kujifunza upishi kwetu Waingereza waliipata. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanamaji wao walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, ng'ombe na mashine za mvuke, hadi hapa Lukuga, kwenye Ziwa Tanganyika, na Desemba 26 wakateka Kingani, meli ya Wajerumani. Milima ya Mitumba waliivuka. Majiko yetu yakawashinda. Wala si haya iliyowazuia: kamanda wao, Spicer-Simson, alitembea amevaa sketi.

Mwenye hamu ajaribu. Magadi yapo, samaki aina ya mikebuka wapo. Ila makala yalivyopanda bei, nani ayateketeze ili maharagi yaharibike kwa utaratibu?